Ngurumo Nyuma ya Kikwembe

Mvua ilikamata Nyawera muchana katikati, na wote wenye hawakuwa na mwavuli walijikuta chini ya bâche ya Bruno, ule mwenye anajazaka filme mu téléphone za watu. Wamama wa makala, watu wa moto wenye wanabeba abiria na pikipiki, mwalimu moja na cartable ya vitabu ku kichwa, wote wamebanana sawa ndagala mu kikapo. Katikati yao kulikuwa dada moja mulefu, kitambaa ya jikoni ku kichwa, kanda za plastique ku miguu, anasukumana sawa wengine.

"Tonton Bruno, maman anataka filme ya mapigano. Ya kutafsiriwa. Lakini usinipe ya ule Ngurumo."

"Ngurumo amekufanya nini, dada? Bukavu nzima inamupenda."

"Anapiga kelele. Mutu mu filme anakunywa chai, yeye anaitangaza sawa vita. Na mutu mwenye sauti kubwa vile lazima iko na tumbo kubwa na akili kidogo."

Watu wakacheka. Nyuma yake kulikuwa kijana mufupi, shati ya bleu imefungwa vifungo mupaka ku shingo. Kichwa yake ilikuwa inafika ku bega ya dada, si zaidi. Akasimama ku vidole, akamunongoneza ku sikio:

"Tumbo sina. Akili, tutaona."

Alinongona tu, lakini ile sauti ilitoka chini kabisa, sawa mutu anasukuma pipa tupu ku barabara ya mawe. Dada akageuka. Akaangalia juu, hakuna mutu. Akaangalia chini.

"Yesu Maria! Ni weye?"

"Sss! Bruno peke yake ndiye anajua. Usiniuze."

"Kumbe Ngurumo iko kadogo hivi!"

"Na weye, sema tena hiyo 'Yesu Maria'. Polepole." Macho ya kijana ikafunguka. "Nilijua! Hii sauti inaniambiaka kila jioni: 'Watazamaji wapenzi, habari za mkoa.' Séraphine wa télévision, mu kanda za plastique!"

Séraphine akamuziba mudomo na mukono. Mukono ilikuwa inanukia sabuni na vitunguu. Wakabaki vile, mvua inapiga bâche, kila mutu ameshika siri ya mwenzake.

Lazima muelewe vile mambo ilikuwa. Sura ya Séraphine, kila nyumba yenye iko na courant ya umeme ilikuwa inaijua: perruque, nywele za kununua, imelala vizuri ku mabega, rouge ku midomo, veste ya kijani. Dany Ngurumo, yeye, hakuna mutu alikuwa anajua sura yake. Mu salle ya filme ya Bruno kule Kadutu alikuwa anakaa ku kona, nyuma ya kikwembe, kitenge yenye imetundikwa ku kamba, micro mu mukono. Wachina wakipigana ku écran, yeye anawapa majina ya kwetu na matusi ya kwetu, na salle inalia na kucheka. Wengine waliapa kama Ngurumo ni soldat wa zamani. Wengine walisema anakula kuku nzima peke yake. Dany aliwaachia. Ku masomo walikuwa wanamuita "Nusu", na ile jina aliiacha ku mulango ya salle. Nyuma ya kikwembe hakuna mutu alimupima urefu.

Mvua ikapita. Dany hakutaka ipite.

"Nipe numéro," akasema.

"Ya kufanya nini?"

"Nikufundishe kupiga kelele. Unasoma journal ya habari sawa mutu anazika paka."

Séraphine akacheka mupaka akashika ukuta. Akamupa numéro.

Ikakuwa mapenzi ya téléphone kwanza, juu mapenzi ya macho ilikuwa taabu. Wakitembea Muhumba pembeni ya ziwa, watu wanamusalimia yeye, "Dada Séra, bonjour!", na Dany wanamupita sawa muti ya sénévé, ile haradali ndogo, mbele haijakomaa. Asubuhi, kazi haijaanza, Dany alikuwa anamupigia.

"Watazamaji wapenzi," Dany anaanza na sauti ya salle, "leo mapema, mulefu moja wa Muhumba ameamuka na nywele zimesimama..."

"Acha ujinga, chéri, nacheka maman anasikia."

"Maman anisikie! Si ndiye mupenzi yangu wa kwanza? Anasikilizaka filme zangu zote."

"Kuya basi umusalimie. Kuya na miguu yako, akuone."

Pale Dany alikuwa anakohoa kidogo na kubadilisha maneno. Séraphine alikuwa anamuachia, lakini kitu kilikuwa kinamubakia ku roho, sawa mfupa ya samaki.

Sasa kazini kwa Séraphine, directeur, Papa Jean-Marie, alikuwa ametoka formation, masomo ya kazi, kule Dar es Salaam. Alirudi na kravati mupya na Kiswahili mupya.

"Kuanzia leo, antenne yetu ni Kiswahili sanifu," akasema. "Mugeni wa studio, invité mwanaume, munamuita 'bwana wangu'. Mwanamuke, 'bibi yangu'. Heshima!"

"Directeur," Séraphine akasema, "hapa kwetu bwana yangu ni mume yangu. Na bibi ya mutu ni muke yake. Watu watasikia mubaya."

"Watazoea. Weye ndiye mutangazaji wetu mukubwa, uwazoeshe."

Jioni ile invité alikuwa ingénieur Xavier, mutu ya barabara, mwanaume wa kunona, saa ya kungaa ku mukono, harufu yake imejaza studio. Alisema juu ya mifereji, akasema juu ya mawe, akamaliza. Séraphine akaangalia caméra, akatabasamu vile alifundishwa, akasema polepole, kila neno limepigwa pasi:

"Ahsante sana, bwana wangu."

Na Xavier, juu hata yeye alishituka, akatabasamu na meno yote.

Chini ya bâche ya Bruno, Dany alikuwa anaangalia ku télévision. Watu wa moto walikuwa pale.

"Mumesikia? Bwana wangu!"

"Kumbe Séra ameolewa na ingénieur!"

"Ameolewa wapi? Xavier iko na muke. Huyu ni deuxième bureau, muke wa pembeni, na anajitangaza mwenyewe!"

Dany akakamata téléphone. Ya Séraphine ilikuwa imefungwa. Akapiga tena. Imefungwa. Akaona ile saa ya kungaa. Akaona mabega ya Xavier, mapana sawa mulango ya église. Na sauti moja ya zamani ikamuambia ndani: Nusu, ulifikiria nini?

Hakungoja. Alikwenda ku micro. Mu filme yenye alikuwa anatafsiri kulikuwa mwanamuke mwenye anauza mupenzi wake kwa mukubwa wa majambazi. Dany akamupa jina. "Huyu ni Séraphine wa télévision," akanguruma. Na kila mara mwanamuke anamukumbatia mukubwa, Dany akawa anabana pua na kusema: "Ahsante sana, bwana wangu!"

Bruno alisikiliza, akakuna kichwa. "Dany, una uhakika?"

"Toa hiyo filme, watu waione."

Ikatoka. Ilitembea Bukavu kupita homa. Nyawera, wenye moto wakaanza kuita abiria: "Kuya, bwana wangu!" Kadutu, wamama wenye wanauza sombe, majani ya muhogo, wakawa wanarudishia watu makuta ya chenji na "Ahsante sana, bwana wangu." Watoto, walevi, mupaka sacristain wa kanisa.

Séraphine aliijua nyumbani kwao. Alikuwa anapiga pasi veste. Maman yake, Maman Consolate, alikuwa ku kiti na téléphone ku magoti, anacheka vile anachekaka na filme zake. Kisha akanyamaza.

"Séra. Kuya usikie kitu. Huyu si ule Ngurumo? Kwa nini anakutaja?"

Séraphine akasikiliza. Ile sauti yenye ilikuwa inamuamusha asubuhi na "mulefu wangu wa Muhumba" ilikuwa inamuita malaya mbele ya mji. Pasi ikabaki juu ya veste. Ni harufu ya moshi ndiyo iliwaamusha wote wawili.

Kesho yake, Mélanie, muke wa Xavier, alifika ku télévision na dada zake wakubwa, wamevaa vikwembe vya namna moja sawa wanakwenda ku deuil ya marehemu. Wakakaa ku réception.

"Munataka nani, bamaman?" mulinzi akauliza.

"Tumekuya kusalimia bibi-mwenza," Mélanie akasema. "Tuko na nafasi. Tutangoja."

Directeur akachungulia ku dirisha, akarudi mbio mu bureau. Akamuita Séraphine.

"Unaona yenye umenifanyia?"

"Directeur, ni nyinyi mulisema 'bwana wangu'!"

"Mimi? Nilisema Kiswahili sanifu. Sikusema uingie mu filme." Akapangusa shingo. "Sikiliza. Huyu mutu wa kelele, unamujua?"

Séraphine akakubali na kichwa.

"Sawa. Atoke waziwazi, aseme ni uongo wake. Yeye mwenyewe, na sura, watu wamuone, si sauti tu. Kama haiko hivyo, juma ikianza, lundi, mwenzako Pascaline ndiye atasoma journal. Na si lundi peke yake."

Aliondokea mulango ya nyuma, penye wanapitisha takataka, mutangazaji mukubwa wa mji, viatu mu mukono. Akapiga téléphone akiwa amesimama pale pale.

"Séra..." sauti ya Dany ilikuwa imeshuka. "Bruno amenielezea. Kumbe ni Kiswahili ya Dar. Sikujua. Mupenzi, nisamehe, nitatoa filme ingine, nitasema..."

"Nyuma ya kikwembe?"

Dany akakohoa kidogo.

"Directeur anataka watu wakuone. Wakuone tu, Dany. Kama hautoki, ile kiti yangu imekwenda. Nilianza pale nikisoma matangazo ya mbuzi waliopotea. Unajua vile niliitafuta."

"Najua. Lakini wakiniona... Séra, weye hauelewi. Wakiona ni hii mwili, Ngurumo amekufa. Watacheka mupaka nihame Kadutu. Niombe kitu ingine. Yote, lakini si sura."

"Kwa hiyo jina yangu inaweza kutembea mu téléphone ya kila mulevi, lakini sura yako ni ya bei."

"Chéri..."

"Usiniite chéri. Chéri ni mutu. Mimi nilipendaka sauti, na sauti haina mahali mutu anaweza kuishika."

Akakata. Dany alipiga, akapiga tena. Séraphine alikuwa anaangalia jina yake inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika, machozi inashuka ku rouge ya midomo.

Samedi muchana, lundi haijafika, salle ya Kadutu ilikuwa imejaa mupaka watu wamekaa juu ya magoti ya wengine. Joto, karanga, jasho. Ku écran, gare, kituo ya train mu inchi ya baridi: mwanaume wa koti nyeusi, mwanamuke wa robe nyekundu, wanaagana. Nyuma ya kikwembe Ngurumo alikuwa kazini, lakini wenye masikio walisikia kama leo sauti haikuwa na nguvu.

Mulango ikafunguka. Séraphine akaingia. Hakuvaa kitambaa ya jikoni. Alivaa perruque, rouge, na ile veste ya kijani yenye alama ya pasi ku kifua, makusudi, sawa médaille.

Salle ikalipuka. "Bwana wangu! Bwana wangu!"

Akapita katikati yao, taa ya écran inamupaka nyekundu na nyeupe, akafika penye Bruno alikuwa amekaa na micro ya kutangazia filme za kesho.

"Bruno, nipe."

Kuna namna mwanamuke anaombaka kitu bila kungoja jibu. Bruno akamupa.

Ku écran mwanaume wa koti akafungua mudomo, na Dany, nyuma ya kikwembe, hajaona kitu, akasema: "Kwaheri mupenzi! Naenda vitani, usinililie!"

Mwanamuke wa robe nyekundu akafungua mudomo. Na sauti ya habari za mkoa ikamutoka, safi, bila kutetemeka:

"Vita gani? Unaenda kujificha."

Mwanaume ku écran alikuwa anaongea, anaongea, na hakuna kitu kilikuwa kinatoka.

"Ngurumo, jibu!" mutu akapiga kelele.

"Mimi..." Dany akasogeza micro. "Nilisikia na masikio yangu, unamuita mwingine bwana!"

"Ulisikia na masikio. Mudomo yangu, uliiuliza?"

"Nilikupigia! Ilikuwa imefungwa!"

"Ilifungwa juu nilikuwa mu studio! Mutu anangoja maharagi iive. Anangoja mvua ipite. Mimi, haukuweza kuningoja nitoke kazini?"

Ku écran polisi akafika, akaanza kuongea na mikono. Maman moja wa mbele akauliza, "Na huyu anasema nini?" Jirani yake akamupiga kiwiko: "Nyamaza, maman, hii si filme tena."

"Niliona mabega yake," Dany akasema, na sasa haikuwa sauti ya koti nyeusi. "Niliona saa yake. Nikasema, mwanamuke sawa huyu, kwa nini asiende kwa mutu mwenye anaonekana?"

"Alionekana, ndiyo. Na sikumutaka. Nilikuwa nataka weye, na weye ndiye uliniambia nikupende mu giza." Hapo sauti yake ikapasuka, mara moja tu. "Mimi wananitukana ku uso, Dany. Weye wakikutukana, wanatukana kikwembe. Toka. Kama hautoki, nitashuka hii mulima na hautasikia mimi tena, si ku téléphone, si ku télévision."

"Atoke!" mutu akasema. Kisha wote, na miguu inapiga sakafu: "A-to-ke! A-to-ke!"

Kikwembe ikatingizika. Ikatulia. Bruno akafunga macho. Séraphine alikuwa ameshika micro na mikono miwili.

Kikwembe ikafunguka.

Wakaona shati ya bleu. Wakaendelea kuangalia kikwembe nyuma yake, wanangoja mukubwa atoke.

"Ngurumo iko wapi?"

"Ni mimi," Dany akasema.

Ile sauti ndani ya ule mwili! Kicheko ilianza mbele, ikapanda nyuma, ikagonga mabati. Watu walianguka ku mabega ya wenzao. "Kuku nzima! Walisema anakula kuku nzima!" "Mumupandishe ku banc tumuone!" Mutu akamusukumia banc. Dany akaiangalia. Masikio yake ilikuwa imewaka, watu wa mbele waliona. Hakupanda. Akangoja chini, ku urefu yake, mupaka kicheko ikachoka.

"Mumemaliza?" akasema. "Kama bado, muendelee, niko na nafasi. Huyu dada hana bwana kwa ingénieur. Directeur wake alitaka Kiswahili ya Dar, na kule bwana ni monsieur. Mimi ndiye niliweka jina yake mu filme, juu ya wivu, sikumuuliza. Mulimucheka juu ya kitu hakufanya. Basi mugeuze. Municheke mimi."

Hakuna mutu alicheka. Téléphone zilikuwa juu, kila mahali, macho madogo inawaka mu giza. Kisha maman wa mbele, ule mwenye aliuliza juu ya polisi, akasema: "Ee mutoto yangu, kumbe uko na mwili kidogo, lakini roho si ya kununua ku soko." Na watu wakapiga mikono.

Hawakumuacha akae. Walitaka ile filme irudi ku mwanzo, yeye mwanaume, Séraphine mwanamuke, na mara hii mutu aseme maneno ya polisi. Dany alinguruma, aliomba musamaha na sauti ya koti nyeusi, ya train, ya polisi. Séraphine alimujibu bila kumuangalia. Lakini penye mwanamuke wa robe nyekundu anacheka, hata yeye alicheka, na si filme ilimuchekesha.

Walipotoka jua ilikuwa bado inawaka. Téléphone ya Séraphine ikalia: directeur.

"Nimeona vidéo! Madame Mélanie pia ameona, anacheka mupaka analia, amesema atakuya kukuomba musamaha. Lundi unasoma. Na ule kadogo, umulete, tumupe émission!"

"Nitasoma, Directeur. Yake, mumuulize yeye."

Akageuka amuambie Dany. Dany akafungua mudomo. Hakuna kitu. Akajaribu tena. Hewa tu, sawa pompe ya baiskeli. Sauti ilikuwa imekwisha.

"Haya," Séraphine akasema, mikono ku kiuno. "Leo ndiyo nitakuambia yote na hautajibu. Siku ingine ukisikia neno, unafanya nini?"

Dany akaonyesha sikio, kisha akamuonyesha yeye, kisha akakunja mikono sawa mutu anangoja.

"Na maman yangu?"

Akaonyesha miguu yake mwenyewe, ikitembea kuelekea Muhumba.

Walishuka njia ya mulima, wamama wa sombe na ndagala wamejipanga huku na huku, wanawaangalia wote wawili, mulefu na mufupi. Katikati ya njia Dany akamuvuta mukono. Akasimama ku vidole, akamunongoneza ku sikio. Ilimupa taabu kutoka, na ilikuwa ndefu kidogo. Séraphine akasikiliza, uso haubadiliki. Akatengeneza veste. Akaangalia wale wamama sawa ni caméra.

"Communiqué," akasema, na soko yote ikanyamaza. "Kijana Dany, wa Kadutu, mwenye amepoteza sauti leo muchana, anajulisha familia ya Maman Consolate wa Muhumba kama atafika kwao kesho, dimanche, kisha misa, yeye na wazee wake, kuomba mutoto wao mukubwa. Anaomba musamaha ku matusi yenye ilipita. Communiqué imetoka kwake, imesomwa na mwenye kuombwa."

"Uuuuh!" wamama wakapiga vigelegele, beseni zikalia. Moja akasimama, sombe mu mikono. "Na jibu, dada Séra? Jibu iko wapi?"

Dany alikuwa pale pale, amemushika mukono.

"Jibu iko ndiyo," Séraphine akasema. "Lakini mutu asimuambie mupaka dimanche ifike."